Bajeti inayojua maji ya bamvua: maoni yangu kuhusu ofisi ya maandiko ya utafiti Malindi

Mimi ni afisa wa afya ya umma, mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, na kazi yangu ya kila siku ni mbu, maji na mitaro. Wenzangu wa huku wanaotaka kuomba fedha za utafiti kwa kawaida huwa na njia mbili. Ama wanaandika wenyewe usiku wakishatoka kazini, ama wanampa mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kupanda boti ya Faza, kule kisiwa cha Pate. Mimi nilipeleka andiko langu na bajeti yake Malindi, kwa ofisi ndogo ya watu wawili, na sasa nimeulizwa na wengi kama inafaa. Kwa upande wa bajeti, sijaona kazi kama ile Pwani hii. Kwa upande wa sayansi, wanakusaidia mpaka mahali fulani, na kuna sehemu moja ambayo hawaiwezi kabisa. Nitaeleza yote, kwa sababu pesa za kulipia huduma hii wengi wetu tunazitoa mfukoni.

Ofisi iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, si mbali na barabara ya Lamu. Bango hakuna. Ukiingia unamkuta mzee mmoja, mhasibu mstaafu aliyeshika vitabu vya miradi ya utafiti kwa miaka mingi, na binti ambaye shughuli yake ni fomu, kurasa na mifumo ya mtandaoni. Majina yao siyaandiki hapa bila ruhusa yao. Ukiwauliza watu wanaofanya utafiti Malindi na Kilifi, watakuelekeza.

Mradi wenyewe niueleze kidogo, maana bila ya huo bajeti haitaeleweka. Mwaka 2004 Lamu ilipigwa na homa ya chikungunya. Walio watu wazima leo wanakumbuka nyumba nzima zikilala, watu wanatembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba mwaka ule ule ulionyesha kwamba asilimia 75 ya watu wa kisiwa walikuwa wameshaambukizwa. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wameweka maji kila mahali, na mbu anayeeneza ugonjwa huu anapenda hasa maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani: mapipa, mitungi, matangi, madebe. Sasa wale watoto wote waliozaliwa baada ya 2004 wamekua, wengine wameoa na kuolewa, na kwa kadiri tunavyodhani wengi wao hawana kinga. Tunataka kupima kingamwili kwa watu wa rika mbalimbali, na tunataka kujua ni vyombo gani hasa vinavyozalisha mbu hawa siku hizi. Wazee wetu walifuga visamaki kwenye birika za misikiti na za majumbani ili wale viluwiluwi. Matangi ya plastiki yaliyojaa madarini sasa hayana samaki, wala mara nyingi hayana vifuniko.

Fedha tuliziomba NIH, yaani taasisi za taifa za afya za serikali ya Marekani, kwa aina ya ruzuku inayoitwa R21. Hii ni ruzuku ya miaka miwili kwa utafiti unaoanza kuchimbua jambo. Gharama za moja kwa moja zisizidi dola 275,000 kwa miaka yote miwili, na mwaka mmoja usipite dola 200,000. Mpango wetu wa mwanzo ulikuwa chuo kikuu cha Marekani kiwe ndicho mwombaji, sisi tuwe tawi lake. Lakini Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku zenye mikataba midogo ya taasisi za nje kwa ule mtindo wa zamani. Tukageuza mpango. Taasisi ya huku Pwani tunayoshirikiana nayo ikawa mwombaji mkuu, na wale wenzetu wa Marekani wakabaki washauri tu.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyonipandisha ngazi za ile ofisi. Chuo cha Marekani kikiomba kiasi kisichozidi dola 250,000 kwa mwaka, kinaruhusiwa kuandika bajeti ya mafungu ya dola 25,000 bila kuchambua kila senti. Taasisi ya nje hairuhusiwi njia hiyo. Sisi lazima tuandike bajeti ya kina, mstari kwa mstari, na kila mstari tuueleze kwa maneno. Kwa hiyo mtu wa Lamu anayeomba fedha kidogo anabeba kazi ya hesabu kubwa kuliko profesa wa Boston anayeomba nyingi. Hilo nalisema bila kinyongo, lakini ni vizuri watu walijue kabla hawajaanza.

Sasa niingie kwenye huduma yenyewe.

Kikao cha kwanza, mzee hakufungua kompyuta. Baada ya shikamoo na marahaba alivuta daftari, akaniambia nimweleze safari moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikachagua Siyu, kijiji cha kisiwa cha Pate.

"Boti ni ya nani, mwanangu?"

"Ya kukodi, mzee."

"Injini?"

"Arubaini."

"Mtapita Mkanda au mtazunguka nje?"

Nikamwambia tutapita Mkanda, ule mlango kati ya Manda na bara. Akaniuliza tutapita maji gani. Nikamjibu kwamba maji yakijaa. Akaandika. Akauliza tukifika Siyu itakuwaje, maana pale mkono wa bahari unaingia ndani ya mikoko, na maji yakipwa boti inabaki juu ya tope. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu wa bajeti aliyewahi kuniuliza: "Kazi ya kutoa damu nyumba thelathini itachukua muda gani, na maji yatawangoja?"

Jawabu ni kwamba hayatangoja. Siku za bamvua maji yanajaa sana na kupwa sana, ukichelewa saa moja hutoki mpaka maji mengine. Siku za maji mafu, kina kwenye ule mkono hakitoshi hata kuingia vizuri. Kwa hiyo safari ya Siyu, ukiihesabu kwa ukweli, si safari ya siku moja. Timu italala. Nahodha na utingo wake watalala nao. Wote watakula. Sampuli za damu nazo zitalala, na zikilala zinataka baridi. Mzee aliandika usiku mmoja wa kulala kwa kila safari ya Siyu, na kwa Faza pia, na gharama ya safari ile moja ikapanda karibu mara mbili ya ile niliyokuwa nayo kwenye rasimu niliyoandikiwa kwanza na ofisi moja ya Nairobi. Hakuongeza kitu cha uongo hata kimoja. Ile rasimu ya kwanza ilikuwa imeandika "usafiri wa ndani" kwa bei ya gari la kukodi kwa siku, eti liende Faza.

Halafu akafika kwenye mafuta. Lita 50 za petroli kwenda na kurudi, hiyo nilimpa mimi kwa kuulizia kwa manahodha. Bei hakuichukua kichwani. Alitafuta tangazo la EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei ya mafuta, linalotoka tarehe 14 ya kila mwezi, akaandika tarehe ya tangazo ndani ya maelezo ya bajeti, kisha akaniagiza nilete bei inayouzwa Amu kwa kweli, maana mafuta yakishavushwa kwa boti kutoka Mokowe bei si ile ya kituo cha bara. Zikaandikwa zote mbili, na tofauti yake ikaelezwa kwa sentensi moja. Mhakiki aliyekaa Marekani akiisoma ataelewa, na mkaguzi wa hesabu akija baadaye atakuta ushahidi.

Risiti nazo alizishughulikia mapema. Nahodha wa Amu hatoi risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato KRA, na taasisi yetu haiwezi kulipa maelfu ya shilingi kwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Mzee akashauri tuingie mkataba na chama cha wenye boti chenye PIN ya KRA, kilipwe kwa mwezi kwa idadi ya safari. Bei ya safari moja itakuwa juu kidogo, lakini hesabu zitapita. Sijui watafiti wangapi wamekwama kwa jambo hili, ila mimi nimewaona wenzangu wakilipa mafuta ya mradi kwa mishahara yao kwa sababu risiti zilikataliwa. Ushauri huu peke yake ulistahili nusu ya ada.

Kwenye wafanyakazi alikuwa makini vile vile. NIH haiulizi mtu atafanya kazi siku ngapi kwa wiki, inauliza miezi ya kazi kwa mwaka. Mimi nikitoa asilimia 20 ya muda wangu, hiyo ni miezi 2.4, na mshahara unaoombwa ni wa miezi hiyo tu. Kwa vijana tutakaowaajiri, aliweka juu ya mshahara kila kitu ambacho mwajiri wa Kenya analazimika kulipa: mchango wa NSSF wa upande wa mwajiri, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, kwa kila mtu kwa mwezi, na bima ya ajali kazini. Bima ya afya ya jamii, ile asilimia 2.75, hakuiweka, maana hiyo inakatwa kwa mfanyakazi mwenyewe. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja tu ulioandikwa "marupurupu asilimia 30". Nani angeutetea mstari huo?

Pia nilimweleza kwamba kwenye nyumba za Amu mjini, na za Siyu na Faza hali kadhalika, kijana wa kiume hawezi kuvuka daka, ukumbi wa mlangoni, aingie ndani kuhesabu mitungi huku wenye nyumba wakiwa wanawake peke yao. Lazima kila timu iwe na mwanamke, na ndiye atakayeingia ndani. Hilo nalo likaingia kwenye bajeti, wakusanyaji wawili wawili, na sababu yake ikaandikwa waziwazi kwa heshima. Tulitoa mwezi wa Ramadhani kwenye ratiba ya kutoa damu, na siku za Maulidi kwenye ratiba ya kuhesabu mbu, kwa kuwa mji unajaa wageni na kila nyumba inateka maji zaidi ya kawaida. Miezi ya kusi bahari inapochafuka, mzee alipunguza safari za Faza na Kizingitini na kuzipeleka kaskazi. Bajeti ikawa inafuata pepo na mwezi mwandamo pamoja na mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani, na bado jumla zilikubaliana.

Kuna mambo mawili ya kiufundi ambayo nayaandika hapa kwa faida ya wengine. La kwanza ni fidia ya washiriki. Tunawalipa watu nauli na muda wao wanapokuja kutolewa damu. Kwenye fomu ya NIH kuna sehemu E ambayo jina lake linakufanya udhani ndiyo mahali pake. Sivyo. Sehemu hiyo ni ya watu wanaofadhiliwa kwa mafunzo, na tangazo la ruzuku lazima liwe limeiruhusu. Malipo ya washiriki wa utafiti yanakwenda kwenye gharama nyinginezo za moja kwa moja, sehemu F. Binti wa ofisini aliliona hilo mara moja tu alipoifungua rasimu ya Nairobi.

La pili ni fungu la dharura. Sisi huku tumezoea kuweka asilimia 5 au 10 "kwa lolote litakalotokea". NIH hairuhusu fungu kama hilo. Sasa utafanyaje, na shilingi haitulii? Mapema mwaka 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, na katikati ya mwaka huo huo ikashuka hadi karibu 130. Mradi uliopangwa kwa dola wakati wa 160 ulipoteza takriban sehemu moja ya tano ya shilingi zake bila ya mtu yeyote kuiba wala kukosea. Mzee alitumia kiwango cha Benki Kuu ya Kenya cha siku aliyoitaja kwa tarehe, akaeleza kwa nini hakuchukua kiwango kizuri zaidi cha miezi iliyopita, na gharama za mwaka wa pili akazipandisha kidogo kwa kila mstari unaostahili kupanda, sababu ikiandikwa. Mshahara ulipanda. Bei ya freza ya sampuli haikupanda, kwa sababu freza inanunuliwa mara moja, mwaka wa kwanza. Nilijifunza mengi kwa kukaa kando yake nikimtazama akiamua mstari upi upande na upi usipande.

Mwisho zikaongezwa gharama za uendeshaji wa taasisi. Taasisi ya nje ya Marekani inapewa asilimia 8 tu ya gharama za moja kwa moja, baada ya kutoa vifaa vikubwa. Umeme, ulinzi, ofisi ya fedha, vyote viingie kwenye hizo 8. Kwa hiyo vitu ambavyo vinaweza kuhesabiwa kwa mradi peke yake, kama umeme wa jua wa freza yetu au intaneti ya kutuma data kutoka kisiwani, aliviandika kama gharama za moja kwa moja, kila kimoja na sababu yake. Asiyejua hili anaiachia taasisi yake deni.

Niseme pia kuhusu yule binti, kwa sababu watu humsifu mzee wakamsahau yeye. Yeye ndiye aliyehakikisha ukurasa wa malengo ni mmoja na mkakati wa utafiti haukupita kurasa 6, herufi si chini ya ukubwa wa 11, pambizo ni nusu inchi. Alifuatilia usajili wa taasisi kwenye SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwasajili wanaoomba fedha zake, ambao unatakiwa kuhuishwa kila mwaka, na akagundua kwamba ule wa taasisi yetu ulikuwa karibu kuisha kabla ya siku ya mwisho ya kutuma. Usajili ukilala, ombi halipokelewi, hata kama limeandikwa na malaika. Alitusisitizia tutume siku kadhaa kabla, kwa kuwa mfumo ukikuta kosa unahitaji muda wa kurekebisha na kutuma upya, na saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho, kwa saa za mwombaji, mlango unafungwa. Tulituma mapema. Mfumo ulionyesha maonyo mawili madogo, kosa hata moja hapana.

Alikataa jambo moja ambalo nilimheshimu kwalo. Mwenzetu mmoja wa timu alimwomba amwandikie sehemu ya sayansi kwa kutumia akili mnemba, amalize kwa usiku mmoja. Akamjibu kwa adabu, "Kaka, hiyo sitakufanyia," akamwonyesha tangazo la NIH: tangu Septemba 2025 maombi yaliyoandikwa kwa kiasi kikubwa na akili mnemba hayahesabiwi kuwa mawazo ya mwombaji. Kusahihisha sarufi ni sawa. Kufikiri ni juu yetu.

Sasa upungufu, maana upo.

Kwanza, sayansi. Wote wawili ni watu wa hesabu na taratibu. Mzee alisoma ukurasa wa malengo kwa sauti na akasema mahali ambapo hakuelewa, na hilo lilitusaidia kweli, lakini usitarajie wakwambie kama idadi ya sampuli inatosha au kama mtego uliouchagua unafaa kwa mbu wa nyumbani. Takwimu zetu tulizipeleka kwa mtaalamu mwingine na tukamlipa mbali.

Pili, mpango wa kutunza na kushiriki data. Tangu Januari 2023 NIH inataka mpango huo kwenye kila ombi linalozalisha data za kisayansi, na gharama zake zinaweza kuingia kwenye bajeti. Hapa ofisi ilinipa karatasi ya jumla jumla ambayo ingeweza kuwa ya mradi wowote popote. Haikutaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, haikueleza vipi utaficha utambulisho wa mtu kwenye kijiji ambacho kila mmoja anamjua mwenzake. Ukisema "mwanamke wa miaka 81, Matondoni", umeshamtaja. Nilikaa nikaiandika upya yote. Ofisi inayohesabu maji ya bamvua kwa uangalifu ule ingepaswa kuwa na uangalifu huo huo kwa siri za watu. Nililisema hilo mbele yao, wakalipokea, na natumaini wateja watakaokuja watakuta tofauti.

Tatu, mawasiliano. Simu zinapokelewa asubuhi tu. Ijumaa kuanzia saa tano mchana mpaka baada ya sala hakuna mtu, na hilo ni haki yao. Lakini siku nyingine pia ujumbe ulikaa bila jibu mpaka kesho yake, na kwa mtu aliye na siku ya mwisho mbele yake, kungoja huko ni kuzito. Ni bora kwenda mwenyewe. Kutoka Lamu ni kuvuka hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 200. Barabara sasa ina lami, ila vituo vya ukaguzi vinakula muda, kwa hiyo siku ya kwenda ihesabu kama siku nzima.

Bei yao ni ya mkupuo. Kwa ombi la aina yetu walitaka shilingi 65,000, nusu mwanzo na nusu baada ya bajeti kukubaliwa na ofisi ya fedha ya taasisi. Hawachukui asilimia ya ruzuku, na wanakataa kabisa ukiwaambia utawalipa fedha zikitoka. Wako sawa. Fedha za mradi haziwezi kulipia kazi ya kuomba mradi huo huo, na anayekuahidi kufanya bure kwa sharti la asilimia anakuingiza kwenye matatizo na mkaguzi. Bei si ndogo kwa mshahara wa kaunti. Sisi tulichangiana watatu. Kwa maombi madogo ya ndani ya nchi wanatoza chini ya hapo, na wanafunzi wa shahada ya uzamili wanapunguziwa, niliwaona wawili siku ile wakisaidiwa bajeti ya tasnifu kwa bei ambayo haikuwaumiza.

Nimeombwa pia nilinganishe na ile huduma ya kwanza ya Nairobi. Siitaji jina. Walikuwa wepesi kujibu, Kiingereza chao kizuri, kurasa zimepangika. Lakini bajeti yao ilikuwa ya Nairobi iliyobadilishwa majina ya miji. Ilikuwa na teksi, hoteli za kiwango ambacho Siyu hakipo, na chakula cha mkutano kwa watu ambao hatukuwa tunakutana nao. Boti haikuwepo hata moja. Mimi naona hili ni jambo zito kuliko uzuri wa maandishi, kwa sababu mradi ukishinda kwa bajeti ya namna ile, sisi ndio tutakaobaki na fungu la teksi lisilotumika na boti isiyo na mafuta, na vijiji vya mbali ndivyo vitakavyoachwa. Tafiti ngapi za "kaunti ya Lamu" zimeishia Amu mjini na Mokowe? Watu wa Kizingitini wanatolewa kwenye hesabu za afya na mtu aliyeandika bajeti akiwa hajui wako wapi. Ndiyo maana nimeandika kwa urefu huu.

Matokeo ya wahakiki hayajatoka, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba ofisi hii itamshindia ruzuku, wala wao wenyewe hawaahidi. Ninachosimamia ni kazi niliyoiona: ofisi ya fedha ya taasisi yetu ilirudisha bajeti na swali moja tu, la bei ya freza kuwa pamoja na VAT au bila, na mzee alikuwa ameshaitenganisha kwenye ukurasa wa pili.

Ukiamua kwenda, beba nukuu za bei za kweli zilizopigwa muhuri kwa kila kifaa, barua ya idara ya afya ya kaunti, viwango vya mishahara vya taasisi yako kwa maandishi, na ratiba ya maji kama utafanya kazi visiwani. Andiko lako liwe limeshasomwa na mtu wa sayansi. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha kamati ya maadili si lazima viwe mkononi siku ya kuomba, ila ada zake ziingie kwenye bajeti, na watakukumbusha. Anza angalau miezi mitatu kabla ya siku ya mwisho. Kwa R21 mpya siku hizo ni tarehe 16 za Februari, Juni na Oktoba. Wateja wa Juni hujazana kuanzia Mei, na ofisi ni meza mbili tu, basi panga kufika Machi.